Pete za Shaba kwenye Visu vya Baba

Enzi zetu pale Nyanza-Lac, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, sisi watoto tuliorudi na wazazi kutoka kambi za Tanzania, hakuna aliyekuuliza una simu gani. Uliulizwa una maganda mangapi. Maganda ya risasi yalitapakaa mashambani baada ya vita, na sisi ndio tuliokuwa mabingwa wake. Ukiegemeza ganda kwenye mdomo wa chini ukapuliza, lilitoa mluzi wa kumtoa mwalimu darasani na fimbo mkononi. Watoto wa leo simu ikizima nusu saa wanasema wamechoka na maisha.

Mimi nilikuwa na sumaku niliyoitoa kwenye redio mbovu, kwa hiyo nilikuwa bosi. Ganda lililonasa lilikuwa chuma, tulilitupa. Lisilonasa lilikuwa shaba ya njano, na hilo lilikwenda kwa Baba, mhunzi wa visu. Sharti lake lilikuwa moja, alilirudia mpaka likatuingia usingizini: "Kama iko wazi ndani, leta. Kama ingali na kichwa, usiguse, kuja uniite."

Baba alikata kitako cha ganda, akaliweka kwenye makaa mpaka likawa jekundu, kisha akalitosa majini. Chuma ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu, shaba inalainika. Akalisukumiza kwa nyundo ndani ya tundu la bamba nene la chuma, akalichoma tena, akalisukumiza tena, mpaka likawa pete ya kubana mpini wa kisu. Mara moja nilijifanya fundi, nikaacha kulichoma mara ya pili. Ganda lilipasuka kama ganda la yai, na Baba akaviokota vipande, akaniwekea mkononi. Ni afadhali angenichapa.

Mama hakutaka kuyaona maganda hayo. Siku tuliyokimbia, kaka yake alipigwa risasi akaangukia kwenye shamba lile lile tulilorudishiwa. Kila jembe lilipogonga ganda, aliacha jembe pale pale na kurudi nyumbani. Mzigo wake aliotoka nao kambini ulikaa kona ya nyumba, umefungwa na kamba. "Baba Zaina," alimwambia Baba, akimwita kwa jina langu, tukila mihogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa mawese, "mimi siwezi lima juu ya kitu iliua ndugu yangu. Mvua ikiisha, narudi Tanzania na watoto." Hakuwa mtu wa kutisha bure. Tuliogopa, na mimi nilihesabu mawingu kila asubuhi.

Kisu chake cha kumenyea mihogo kilikuwa kimelegea mpini. Siku moja alipokwenda sokoni, Baba alikitia mpini mpya na pete ya shaba, akaipaka masizi na mawese ikawa nyeusi tititi. Akaweka kidole mdomoni kunionya nisiseme. Mama alirudi, akakitikisa, akashukuru tu, "Murakoze."

Wiki mbili baadaye tulikuwa ziwani tukiosha vyombo. Mama alikisugua kisu kwa mchanga, na pale kwenye shingo pakatoka rangi ya njano. Akaijua. Aliinua mkono akitupe majini, nikamshika kanga. "Mama, tuko na kisu moja tu."

Mkono ulibaki juu muda mrefu. Kisha akaushusha, akaketi kwenye mawe, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kambini.

Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Baba, kisu mkononi, na majirani wakatoka kutazama. "Umenidanganya," alisema. Baba akakubali. "Mupini haijacheza hata siku moja," akaendelea Mama kwa hasira ile ile. "Sasa sikia. Shamba yote tutachimbua. Ganda zitoke zote, na kila moja igeuke kitu ya kazi. Ikibaki hata moja, naenda."

Tulichekecha udongo miezi mizima, Mama akiwa mbele. Tulipofika pale alipoangukia mjomba, alipiga magoti akaufikicha kwa vidole vyake mwenyewe. Jioni ile alifungua mzigo, akatundika nguo zake ukutani.

Leo shamba lile ni michikichi mitupu. Juzi nilimpeleka mwanangu, nikamhadithia sumaku na mluzi, akaniuliza ganda la risasi linafananaje. Nikachukua jembe nimwonyeshe. Nilichimba huku, nikachimba kule, jasho likanitoka, nisipate hata moja. Niliona uchungu kidogo, maana nilitaka kujisifu, na utoto wangu wote ulikuwa umechimbwa ukaisha. Mwanangu alikwisha rudi kwenye simu yake.

Mama alikuwa kivulini akipukuchua maharage. Alinitazama nilivyotapakaa udongo, akatabasamu.

"Muache," alisema. "Asijue."