Roda Katunge na Ngamia wa Eedo Weris

Alizaliwa Mutomo, kusini mwa Kitui, mwezi wa Aprili mwaka wa 1962, binti wa tatu wa Mzee Kilonzi, mchongaji wa mizinga ya nyuki, na mkewe Mbithe, mwimbishaji wa kanisa. Alibatizwa Roda, nyanya yake akamwita Katunge, na majina yote mawili yakamkaa vizuri. Wanaomkumbuka utotoni hawasemi kwamba alikuwa mpole, nasi hatutamsingizia upole. Alikuwa na wivu, tena wivu wa kufa mtu. Alipokuwa na miaka saba, dada yake Mwikali alinunuliwa viatu vyeusi vya ngozi, na Katunge akavificha ndani ya mzinga mkuukuu. Mama yake hakumchapa. Alimwamuru amshukuru Mungu kila asubuhi, kwa sauti, kwa ajili ya viatu vya Mwikali: kwa soli, kwa kamba, kwa kila tundu la kamba. Siku za kwanza alishukuru huku amekaza meno. Siku ya tano alijikuta anacheka katikati ya tundu la nne. Siku ya saba akaenda mwenyewe kwenye mzinga, akavitoa, akavipangusa, akamvisha dada yake. "Mama, sivitaki tena," alisema, "lakini navipenda." Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza ambayo waumini wameyahifadhi.

Alisomea ualimu, na mwaka wa 1985 akapelekwa Garissa, jamaa zake wakamlilia kana kwamba wanamzika. Alifundisha mjini, akafundisha Bura, na Januari ya 1999 akashuka kutoka kwenye lori la unga huko Hadado, katika Wajir, akiwa na sanduku moja, godoro na Biblia ya Kikamba. Hakuolewa. Wachumba walikuwepo, asije mtu akadhani alikosa. Yeye alisema tu kwamba Mungu aliwawahi. Joto la Hadado lilimchosha, maji ya chumvi ya kisimani yakamsumbua tumbo, na walimu wenzake wakaomba uhamisho mmoja baada ya mwingine. Barua yake ya uhamisho ilipokuja mwaka wa 2003, bila yeye kuiomba, aliisoma, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba darasani. Meza ikatulia, naye akabaki.

Wakristo wa Hadado walikuwa wachache: polisi, wauguzi na walimu pamoja na familia zao, wakisali katika jumba la mabati. Ikifika saa nne mabati yale yaliwaka moto na watoto wakaanza kulia. Jirani wa kanisa alikuwa Weris, mjane wa Kisomali aliyeuza maziwa ya ngamia sokoni, na kilio kile kilimfika. "Leta hao kwa kivuli yangu," alimwambia Katunge. "Mtoto naungua hapa, kesho Mungu nauliza mimi." Basi shule ya Jumapili ikahamia kwenye kivuli cha ua wake. Watoto wakamwita Eedo, yaani shangazi, na kila baada ya somo aliwapa maziwa kwa zamu katika kikombe kimoja cha bati. Hapo ndipo Katunge alipoifanya adhabu ya mama yake kuwa sala. Kila mtoto alichagua jirani, akamshukuru Mungu kwa alichonacho jirani huyo, kitu kimoja baada ya kingine, bila kujiombea chake. "Huwezi kumpenda mtu huku umekikodolea macho kitu chake," aliwaambia. "Shukuru kwa ajili yake kwanza, halafu tuone kama utakitaka tena." Walioonana kwa hasira Ijumaa walicheka pamoja Jumapili.

Sasa tusikie kosa lake, kwa maana hata watakatifu hukosea, na hili lilikuwa kubwa. Jumapili moja ya Oktoba 2014, Gatwiri, binti wa muuguzi, mwenye umri wa miaka sita, alimchagua Eedo Weris. Ngamia walikuwa wamesimama wakisubiri kupelekwa malishoni. Mtoto akapanda juu ya jiwe, akanyoosha kidole. "Asante Mungu kwa ngamia wa Eedo. Mmoja, wawili, watatu..." Akaenda hivyo hivyo mpaka kumi na saba. Wa mwisho alikuwa na mimba, na Gatwiri akamsifu hasa: "Asante kwa huyu mnono kuliko wote, mwenye tumbo kubwa na macho mazuri!" Watoto wakapiga makofi, na Katunge akapiga kuwashinda wote. Masikini Mwalimu! Miaka kumi na mitano Hadado, na jambo hili halikuwa limemfikia: huko mtu hahesabu mifugo ya mwenzake kwa sauti, wala kuwasifu bila kusema mashallah, kwa kuogopa jicho la husuda. Hata mwenye mifugo akiulizwa anao wangapi, hujibu kwamba Mungu amempa wa kutosha. Katunge alikuwa amelisikia jibu hilo kinywani mwa Weris mara nyingi, akadhani ni unyenyekevu tu. Siku hiyo Weris aliingia ndani na kikombe chake, bila kuwapa watoto maziwa. Jumanne jioni, yule ngamia mwenye mimba hakurudi na wenzake.

Jumatano Katunge alikuta lango la Weris limezibwa kwa miiba. "Mwalimu, mimi mwenyewe sihesabu ngamia yangu," Weris alisema kutoka ndani. "Mama yangu hakuhesabu. Mtoto yako nasimama kwa jiwe, nanyoosha kidole kama mtu ya kununua. Mimi nilikupa kivuli. Wewe nanipa hii?" Katunge alitaka kujieleza, kisha akageuka. Alirudi nyumbani akilia njia nzima, na waliomwona walisema hawakuwahi kumwona hivyo.

Wazee wa kanisa wakakutana alasiri hiyo. Justus, karani wa maji na mwenyekiti wao, alikuwa mtu mwema lakini mwoga. "Tangu Jumapili hii watoto wafundishwe kambini, ndani ya ua wa polisi," alisema. "Tupendane sisi kwa sisi, Mwalimu. Inatosha." Katunge akamuuliza, "Na jirani nitawaonyesha kwenye picha?" Kisha akaomba wamwachie jambo hilo mpaka Jumapili, nao wakakubali kwa shingo upande. Lakini kilichomuumiza zaidi kilikuwa nyumbani kwa muuguzi. Gatwiri alikuwa amekataa kusali, hata mbele ya chakula. "Nikishukuru, kitu kinapotea," mtoto alisema. Katunge akapiga magoti, wakawa uso kwa uso. "Shukrani yako ilikuwa safi, mama. Mimi ndiye niliyekuingiza nyumbani kwa mtu bila kukufundisha adabu ya nyumba hiyo. Kosa ni langu, na nitalifuata kwa miguu yangu mwenyewe."

Na kweli alilifuata. Alhamisi asubuhi aliomba ruhusa shuleni, akamkuta Abdirashid, mwana wa Weris, akienda kumtafuta ngamia, akaungana naye akiwa na raba, mwavuli na mtungi wa maji. Abdirashid alimcheka waziwazi, kisha akamwambia arudi, kisha akachoka kumwambia. Walizunguka siku tatu katika vichaka, wakilala kwa wafugaji. Goti lake la kushoto lilivimba, soli ya raba ikang'oka, akaifunga kwa kamba. Abdirashid husema kwamba kila walipofika kwenye boma alisalimu, akaomba radhi kwa usumbufu, akauliza habari za ngamia mmoja tu, wala hakutupa macho kwenye mifugo ya wenyewe. Jumamosi mchana, ndani ya kichaka kizito, wakamwona: amesimama mzima, na chini yake ndama aliyekuwa bado anajifunza kutumia miguu. Wafugaji watakwambia kwamba ngamia akitaka kuzaa hujitenga, na wanasema kweli. Waumini wa Hadado nao watakwambia kwamba chui alipita kichaka hicho usiku uliotangulia bila kuwagusa, na nyayo zake zilionekana. Kila mtu ashike lake. Linalojulikana kwa hakika ni neno la kwanza lililomtoka Katunge, kwa sauti iliyokauka kwa kiu: "Mashallah!"

Abdirashid alimbeba ndama, yule ngamia akawafuata, na wakaingia Hadado jua likielekea kutua. Weris aliiondoa miiba kwa mikono yake. "Dada, nisamehe," Katunge alisema. "Nilikuja kwako bila adabu." Weris akamtazama kichwani hadi miguuni. "Goti yako imekuwa kama ya ngamia," alisema. "Kaa chini, wewe mwanamke." Wakashikana, wakacheka, wakalia, wakacheka tena.

Asubuhi ya Jumapili watu wote walijaa pale uani, Justus akiwamo, tayari kuwapeleka watoto kambini. Weris akamwita Gatwiri mbele ya wote. "Gatwiri, ngamia yangu sasa ni ngapi?" Mtoto akajificha nyuma ya gauni la Mwalimu. Katunge hakumnong'oneza kitu, ingawa midomo ilimwasha. Kisha Gatwiri akatoa kichwa. "Mungu amekupa wa kutosha, Eedo," alisema. "Mashallah." Weris akapiga vigelegele mpaka ndama akashtuka! Akajaza kile kikombe cha bati, akamnywesha Gatwiri, kisha akampa Justus, naye akanywa hadi tone la mwisho. Habari za kambi hazikutajwa tena. Tangu hapo watoto wa Hadado humshukuru Mungu kwa mali ya jirani bila kuihesabu.

Mwalimu Roda Katunge alifundisha kwenye kivuli kile hadi alipolala katika Bwana, tarehe 3 Juni 2022, baada ya kuugua siku tisa. Alizikwa Mutomo. Weris hakuweza kusafiri, lakini alipandisha kwenye gari mtungi mmoja wa susa, maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, na watu wa Mutomo husimulia kwamba waombolezaji wote walikunywa na mtungi haukukauka. Hakuna aliyehesabu vikombe, na pengine ni vizuri.

Nasi, wazazi na walimu, tumwige katika hili: tuwafundishe watoto kufurahia baraka ya jirani, na kujifunza adabu ya nyumba yake. Kanisa lilipotuma mtu Hadado kuandika maisha haya, rejista za shule ya Jumapili zilikuwa zimeliwa na mchwa. Akamwendea Weris, ambaye sasa hutembea kwa mkongojo, akafungua daftari, akamuuliza Mwalimu aliacha watoto wangapi. Weris akaitazama ile kalamu, akacheka mpaka akaegemea ua.

"Na wewe nahesabu?" alisema. "Mungu alimpa ya kutosha."

Na katika kitabu cha kanisa, penye nafasi ya idadi, ndivyo ilivyoandikwa.