Mashine ya Kijivu Kutoka Walikale

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa atelie hakunipa nyundo wala bisibisi. Alinipa kitambaa. Aliniambia nifute meza ya kazi, ile ndefu ya mbao iliyolowa mafuta, na nikimaliza nimweleze nimeona nini juu yake. Nilifuta asubuhi nzima. Nilipomwendea kumwambia kwamba sikuona kitu ila uchafu, alicheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Uchafu njo mwalimu wako, Deo," alisema. "Hii nyeusi inatoka ku mota. Hii ya rangi ya matofali ni kutu. Muntu asiyejua uchafu inatoka wapi, hatajua mashini inakufa na nini."

Huyo alikuwa Papa Jervasi, mkuu wa karakana ya kampuni yetu pale Masisi, mwanzoni mwa miaka ya sitini. Kampuni ilikuwa na mashamba ya chai juu milimani na machimbo ya bati kule chini Walikale, na mimi nimetumika pande zote mbili mpaka nywele zikaniisha. Vijana wananiuliza fundi wa umeme wa zamani alifanya kazi gani hasa. Nitawasimulia kazi moja tu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha zaidi, na kwa sababu nusura imfukuze mtu mwema nyumbani kwake.

Umeme wetu ulitoka mtoni, kwenye turbini ndogo, yaani gurudumu la chuma linalozungushwa na maji. Tuliuita kuran, kama Wabelgiji walivyotuachia. Kiwanda kilipowasha feni za kukausha chai, taa za nyumba zote zilififia zikawa za manjano kama mafuta ya mawese. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kila chombo kinavumilia hali hiyo. Papa Jervasi aliandika kwa rangi nyekundu ukutani: MAJI HAPANA. Aliwahi kumwona mwenzake akirushwa na umeme kwa sababu ya ndoo ya maji, na tangu hapo hakutaka hata chupa ya kunywa iingie atelie. Niliyashika maneno yale kama katekisimu.

Sasa, Direkta wetu alikuwa Mkongomani wa kwanza kukaa katika ile nyumba kubwa ya mawe. Mkewe, Mama Yustina, alizaliwa Walikale, kwenye joto la msitu, lakini Masisi ilimpenda naye akaipenda. Alianzisha fwaye, nyumba ya akina mama kujifunzia kushona na kusoma. Mke wangu Konsolata alijifunza kuandika jina lake pale, na siku alipoliandika alirudi nyumbani akaniandikia juu ya mlango kwa mkaa. Mimi kwa hilo tu ningemtumikia Mama Yustina bure.

Shida ilikuwa kifua chake. Alikuwa na pumu. Nyumba ile ilikuwa na mazulia mazito ambayo mwenyeji wa kwanza aliyagundisha kwenye sementi kwa sababu ya baridi, na kila ufagio ulipopita juu yake, vumbi liliinuka na Mama akakosa pumzi. Daktari wa Goma alimwambia Direkta bila kuzunguka: ama wapate mashine ya kunyonya vumbi, ama Mama ashuke akaishi chini kwa wazazi wake. Watoto wao wanne walikuwa shuleni kwetu. Angeshuka peke yake.

Direkta aliniita ofisini. Hakuketi.

"Deo, ku magazini ya Walikale kuko aspirateri tatu za kunyonya vumbi, Wazungu walizibakisha. Siwezi leta zote, lori iko na nafasi ya moja tu. Enda, chagua ile itadumu. Ikikufa baada ya mwezi, ingine ya kuibadilisha hakuna." Akatazama dirishani, kisha akaongeza polepole, "Tutajaribu mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Kama haiko muzuri, Mama atapanda lori ya chai."

Sikuwa nimewahi kushika mashine kama hiyo maishani mwangu. Nakiri kwamba nilifurahi kama mtoto. Safari ya kushuka Walikale ilikuwa ya matope na kusukuma, nami njia nzima nilijiuliza: mashine inavutaje hewa? Na hewa ikishaingia, inatokea wapi?

Magazinye, mtunza bohari wa Walikale, alikuwa mtu mnene mwenye kupenda vitu vinavyong'aa. Aliniwekea mashine tatu juu ya meza kama mtu anayeuza ng'ombe sokoni.

"Kamata hii, kaka. Angalia vile inangaa! Hii njo ya batu bakubwa."

Ile ya kwanza kweli ilikuwa nzuri, ya mviringo, yenye nikeli kama kioo. Nilifungua tumbo lake nikakuta mfuko wa karatasi. Nikamuuliza ikijaa inakuwaje.

"Unatupa karatasi, unatia ingine."

"Ingine iko wapi?"

Akapekua, akapata mbili. Nyingine zilikuwa Ulaya. Nilimwambia kwamba hiyo ni mashine inayokula chakula kisichopatikana huku, na nyumbani kwetu hatufugi mnyama wa namna hiyo. Alikunja uso lakini akaisogeza kando.

Ya pili ilikuwa ndefu, yenye sauti ya ngurumo. Ilivuta hata kofia yangu. Lakini nilipotafuta skrubu za kuifungua, sikuona hata moja. Mwili wote ulikuwa umefungwa kwa riveti, yaani misumari iliyopondwa ncha ili isitoke tena. Ndani ya mota kuna vijiti viwili vya makaa vinavyogusa sehemu inayozunguka na kuipa umeme, tuliviita sharbo. Sharbo huisha, hilo halina ubishi. Sasa kama huwezi kufungua, utazibadilishaje? Mashine yenye nguvu ambayo haifunguki ina siku zake tu.

Ya tatu ilikuwa ya kijivu, nzito kama mbuzi, imebonyea ubavuni. Magazinye hata hakutaka kuniwashia. Ilikuwa na skrubu nne zilizo wazi, sharbo zake zilikaa mahali ambapo kidole kinafika, na mfuko wake ulikuwa wa kitambaa. Nilizungusha mhimili kwa mkono, ukazunguka bila kukwaruza. Nilinusa mota: ikinuka kama sukari iliyoungua, waya zake zimekwisha, lakini hiyo haikunuka kitu. Nikaiwasha. Nikamwaga majivu ya jikoni sakafuni, nikayavuta, kisha nikashika kitambaa cheusi nyuma, pale hewa inapotokea. Hakikushika hata chembe.

"Utamupelekea Mama Direkta kitu mubaya hivi?" aliniuliza magazinye kwa huruma ya kweli.

"Mama hahitaji kujiona ndani yake," nilimjibu. "Anataka kupumua."

Nilijiona fundi hodari sana siku hiyo. Nawaambia ili mjue kwamba mtu anaweza kuwa sahihi katika mambo yote aliyoyatazama na bado akakosea.

Niliifikisha Masisi. Akina mama wa fwaye walishona mfuko wa akiba kwa amerikani nene, mishono miwili miwili. Nilimwonyesha Mama Yustina na Papa Zakaria, mtumishi wa nyumba, jinsi ya kuwasha, jinsi ya kutoa mfuko na kuukung'uta kila Jumamosi. Na kabla ya kuondoka nilisimama katikati ya sebule nikasema kwa sauti ya Papa Jervasi: "Maji yasikaribie mashini hii. Hata tone. Hata siku moja."

Wiki ya kwanza Mama aliimba jikoni. Kisha, Jumamosi, alibanwa na kifua vibaya kuliko siku zote. Alipata nafuu Jumatatu. Jumamosi iliyofuata, tena. Mwezi wa nane ulikuwa unakatika.

"Aspirateri yako njo inamukaza Mama," Papa Jervasi aliniambia mbele ya mafundi wote. Niliona haya, lakini zaidi ya haya, nilitaka kujua. Nilikwenda na kitambaa changu cheusi, nikakishika tena nyuma ya mashine: safi. Nilikagua mishono ya mfuko: mizima. Nilinusa sharbo kama zinatoa moshi: hakuna. Basi kwa nini Jumamosi? Mashine haijui kalenda.

Direkta tayari alikuwa amemwambia dereva wa lori aache nafasi mbele. Nilimkuta Mama Yustina fwaye akiwagawia wanafunzi wake sindano, kila mmoja na yake, kama mtu anayeaga. Konsolata alikuwa pale. Hakulia, ila aliikunja ile sindano ndani ya kanga yake kama yai.

Nilimfuata Papa Zakaria uani.

"Papa Zakaria, mufuko ikijaa, nani anaifungua?"

Mzee alitazama miguu yake. "Miye hapana, mutoto wangu. Salo, pa kupokea wageni, nafanya miye. Lakini chumba ya kulala, Mama anapitisha mashini yeye mwenyewe. Sasa vumbi yote iko mu mufuko moja. Namna gani mi mwanaume nimwange vumbi ya kitanda ya muke ya muntu?"

Nilijua desturi hiyo tangu utoto. Kwetu milimani uchafu wa chumba cha mume na mke hautolewi na mwanaume wa nje, hata awe mtumishi wa miaka mingi. Mama yangu mzazi asingekubali. Mke wangu asingekubali. Na Mama Yustina, ambaye alikuwa ameishika desturi yetu kuliko wengi waliozaliwa hapa, kila Jumamosi alikuwa anakwenda nyuma ya jiko, anafunga pua kwa kitambaa cha kichwa, na anakung'uta vumbi la wiki nzima mbele ya uso wake. Hakumwambia mtu. Hayo si mambo ya kuambiana. Nami, niliyekagua skrubu na sharbo na riveti, sikuuliza hata mara moja mkono wa nani utafungua mfuko.

Nilirudi nyumbani na moyo mzito. Kujua chanzo si kupata dawa. Konsolata alikuwa anafagia, na kama kila mwanamke wa huku, alikuwa kwanza ananyunyiza maji sakafuni kwa vidole ili vumbi lilale. Nilimweleza yote. Aliendelea kunyunyiza.

"Si balowanishe mufuko mbele ya kuifungua?" aliuliza.

"Konsolata, maji na mashini ya kuran haviendani. Utauwa muntu."

Akasimama, bakuli mkononi, akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyevaa shati nyuma mbele.

"Na mufuko nayo iko na kuran?"

Nilikaa juu ya kinu. Mfuko ulikuwa kipande cha amerikani. Ukishatolewa kwenye mashine hauna waya, hauna mota, hauna chochote. Watoto wote wa Masisi wanajua kulaza vumbi kwa maji kabla ya kufagia, nami nilikuwa nimewakataza watu wazima wasifanye wanachokijua, kwa sababu ya maandishi mekundu ukutani.

Nilikwenda nyumba kubwa saa ile ile. Direkta alikuwepo, na Papa Jervasi naye alikuwa amekuja kwa mambo ya turbini. Nilisema mbele yao wote kwamba nimekosea mimi, si mashine na si Mama. Nilitoa mfuko polepole, bila kuufungua, nikamwomba Mama ndoo ya maji. Papa Jervasi akarudi nyuma hatua mbili. Niliuzamisha mzima mzima. Ukatoa mapovu, ukashuka. Nikamkabidhi Mama Yustina, akaenda nyuma ya jiko peke yake, kwa heshima yake, na alipoufungua, kilichotoka kilikuwa tope. Alilimwaga kwenye bustani ya maharagwe.

Tulimngoja. Aliporudi alikuwa anatabasamu na mikono yake ilikuwa michafu mpaka viwiko.

"Deo," alisema, "kumbe ni hii tu?"

Jumamosi hiyo hakubanwa. Wala iliyofuata. Akina mama walishona mifuko mingine miwili, kwa maana huku mvua ikianza hakuna kitambaa kinachokauka upesi. Mwisho wa mwezi lori lilishuka Walikale na chai tu, na ile nafasi ya mbele dereva alimpakia jogoo wake. Papa Jervasi hakufuta maandishi yake, ila siku moja nilikuta ameongeza chini, kwa herufi ndogo: KU MOTA.

Baadaye nilihamishiwa Walikale, miaka mingi, nikawa mkuu wa atelie mimi mwenyewe. Kule niliona mende wakitaga ndani ya bomba la mashine na unyevu ukila waya. Kila kijana aliyeanza kazi kwangu nilimpa kitambaa afute meza. Na kila aliyekuja kuniuliza mashine gani idumuyo, nilimjibu yale ya skrubu, ya sharbo, ya mfuko wa kitambaa, kisha nikamuuliza: nyumbani kwako, nani ataifungua? Wengi walicheka. Wachache walikaa wakafikiri, na hao ndio niliowapandisha cheo.

Nilipostaafu nilirudi Masisi, kwenye nyumba yangu iliyo juu ya kilima karibu na Lushebere. Wiki ile ile nilisikia hodi. Alikuwa Mama Yustina, kichwa chote cheupe, amepanda mteremko wote kwa miguu na kikapu cha maharagwe kichwani. Nilikimbia kumpokea mzigo, hatua kumi tu kutoka kibarazani, na tulipofika mlangoni yeye alikuwa ameshaanza kumsimulia Konsolata habari za wajukuu. Mimi ndiye niliyekuwa nahema.