Bega la Mama na Ziwa la Bi Gweni

Enzi zetu mtu akiitwa, anaitika. Nyinyi mliokulia Ilford, huku London, miaka ile ya hita za mafuta ya taa na madirisha yanayotoa jasho mnanielewa. Mama akikuita, mtoto wa kike husema "Labeka", wa kiume "Naam", na miguu imeshashika njia kabla neno halijaisha. Kuuliza unasemaje huku umekaa kitako kulikuwa ni kujitafutia kofi. Binti yangu wa mwisho, Rahma, nikimwita kutoka jikoni hunijibu huko huko juu aliko, "Woti?" Nikinyamaza, hunitumia ujumbe wa simu kuniuliza nilikuwa nataka nini. Baina yetu pana ngazi kumi na tatu.

Nyumba yetu ilikuwa moja katika zile zilizobanana ukuta kwa ukuta, mtaa mzima zimefanana, na mimi siku za mwanzo nilikuwa nikiijua yetu kwa harufu ya iliki. Baba alifanya kazi gereji ya mabasi, mama akifua mashuka ya spitali. Wote wawili watu wa Wete, Pemba, waliondoka kwao kwa sababu ambazo wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Tulikuwa watoto wawili, mimi na kaka yangu Nassor. Tulicheza mdako kwa kokoto kwenye ngazi ya mlango, na nage kwa mpira wa tenisi uliokwisha manyoya, mpaka vidole vikafa ganzi. Skuli tulikula viazi vya kupondwa na kastadi ya njano yenye ngozi juu. Jumapili mama akipika vitumbua vya nazi ya kipande, ile ngumu kama sabuni ya kufulia, akiikwangua kwa kisu huku akisema nazi hii ikionekana Wete watu watalia. Tulivila vya moto, vidole vinameta mafuta, na mtu kukuzidi kimoja ilikuwa ni ugomvi wa wiki.

Jambo moja mama alikuwa mkali nalo kupita kiasi. Kwetu hadithi hazisimuliwi mchana. Aliambiwa na bibi yake, na bibi yake aliambiwa na wa kwake, kwamba mtoto anayesikiliza hadithi jua liko juu humpoteza mama yake. Atapotelea wapi, hatukuambiwa, na hatukuthubutu kuuliza. Wakati wa baridi mambo yalikuwa mazuri, maana Uingereza magharibi huingia saa kumi jioni. Tukishasali, mama hukaa karibu na hita, anasema paukwa, nasi tunasema pakawa. Lakini wakati wa joto jua la huku halina haya, saa tatu usiku bado linakukodolea macho, na sisi tumeshalazwa. Kwa hiyo tangu mwezi wa tano mpaka wa nane nyumbani kwetu hapakuwa na hadithi hata moja.

Sasa nikwambieni Bi Gweni. Alikuwa jirani yetu wa ukuta, mjane kutoka Wales, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Jina lake lilikuwa Gwen tu, lakini mama alisema mtu mzima haitwi jina tupu, akampa Bi na irabu ya kumalizia, na mwenyewe akapenda. Walifahamiana kwa sababu ya lugha. Bi Gweni alimhadithia mama kwamba udogoni mwake skuli alikatazwa kusema lugha ya kwao, na mama, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuazima, akaelewa kila neno. Toka hapo, mama akichelewa kazini, sisi tulikaa kwa Bi Gweni. Alitupa chai, na vikeki vya zabibu alivyochoma juu ya bamba la chuma. Mama alivionja, akasema hivi na chapati ni ndugu.

Na kwao Bi Gweni kila jiwe lilikuwa na mwenyewe. Kuna mlima, akisema, ni kiti cha jitu. Ukilala juu yake usiku mmoja unaamka malenga au unaamka mwendawazimu. Kuna mji ulioliwa na bahari kwa uzembe wa mlinzi wa mlango, na bahari ikitulia unasikia kengele zake chini ya maji. Alituonesha mahali penyewe kwenye ramani iliyochakaa mikunjoni, na alisema yote haya kama mtu anayekueleza duka liko wapi. Saa kumi jioni, mwezi wa sita, jua limejaa chumbani. Nassor aliziba masikio. Mimi, Mungu anisamehe, nilisikiliza.

Hadithi iliyonimaliza ilikuwa ya ziwa. Kulikuwa na kijana mchunga ng'ombe, chini ya milima myeusi kusini mwa Wales. Siku moja akamwona mwanamke amekaa juu ya maji anachana nywele. Akampa mkate, mwanamke akaukataa, mkavu mno. Kesho yake akampa unga mbichi, akaukataa. Siku ya tatu akampa mkate ulioiva nusu, akaukubali, na mtu mwenyewe akamkubali. Alitoka ziwani na ng'ombe wa baba yake kuwa fungu lake. Sharti lilikuwa moja. Mume akimgonga mkewe mara tatu bila ya sababu, mke anarudi alikotoka. Na Bi Gweni alitilia mkazo: si lazima iwe kupiga, hata kumgusa bega kwa glavu kunahesabiwa. Yule bwana hakuwa mbaya. Mara moja alimgusa kumharakisha, mara nyingine mke alipolia harusini, na ya mwisho mke alipocheka mazikoni. Hapo mke akawaita ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina, wakamfuata majini wote. Hata ndama aliyekwisha chinjwa, akasema Bi Gweni, alishuka kwenye ndoano akamfuata.

Nilirudi nyumbani nimekauka. Mwanamke aliyetoka ng'ambo ya maji akaja kukaa kwenye baridi na watu wasiomjua, mimi nilikuwa namjua. Alikuwa jikoni anakwangua nazi. Na hadithi yenyewe nilikuwa nimeisikiliza mchana.

Basi nikaanza kuichunga mikono ya baba. Hakuwa mtu wa kupiga, baba yangu. Lakini alikuwa na tabia: akitaka kumwambia mama kitu mbele za watu, humgusa bega kwa vidole viwili. Kukawa na harusi ya watu wetu Hounslow, kwenye ukumbi wa kukodi. Wanawake walipoanza kumwimbia bibi harusi, mama akalia, si kwa furaha, analia kweli, kwa sababu yeye aliolewa mama yake akiwa upande mwengine wa dunia. Baba akaja mlangoni, akamgusa bega kumwambia basi la mwisho linaondoka. Alilia harusini, akaguswa. Kugusa kwa siku zote sikukuhesabu, lakini huku kulikuwa kwa hadithini: moja.

Miezi michache baadaye tulikwenda kwenye hitima ya bibi mmoja wa Pemba ambaye kila baridi ikianza alikuwa akisema huu ndio mwaka wake wa mwisho Uingereza, mwakani anarudi nyumbani. Alisema hivyo miaka na miaka. Katikati ya du'a mama akakumbuka, akacheka. Alijiziba mdomo kwa mtandio lakini mabega yalimtikisika. Tulipotoka, baba akamgusa kwa vidole viwili, akamuuliza ana nini. Mara ya pili. Toka siku ile nililala vibaya na nilikula vibaya, na mama akaninywesha habbasoda asubuhi na jioni, hajui kinachonila.

Wakati wa joto uliofuata baba aliazima gari la mwenzake wa gereji, twende Wales. Bi Gweni alikuwa amekaa mbele, anaelekeza njia, maana alitamani kuliona ziwa lake kabla magoti hayajamkatalia. Safari nzima nilitapika, watu wakadhani ni gari. Tulipanda kwa miguu, Bi Gweni na mkongojo wake, kondoo wanatutazama, na tulipofika juu nikaliona: maji meusi, yametulia tuli, na nyuma yake ukuta wa mlima umesimama. Hapakuwa na mtu. Jina la ziwa lile midomo yetu haikuliweza, sisi tukiliita la Bi Gweni. Mama akavua viatu. Akapandisha kanga chini ya koti, akaingia mpaka kwenye vifundo, akasimama anatazama mbele kama amesikia kitu. Baba akasema mawe yanateleza, akanyoosha mkono kumshika bega.

Nilikimbia na viatu vyangu. Nilijitupa katikati, mkono wa baba ukaniangukia mimi, nikaenda chini mzima mzima. Wallahi maji yale yana baridi ya kuua. Baba alinitoa kwa ukosi wa koti, ameghadhibika, anasema mtoto huyu ana wazimu. Mama akanipokea. Alinivua, akanifunga kanga yake, akanikalisha nyuma ya jiwe, akaniuliza. Nikamwambia yote, harusi, hitima, vidole viwili, na hadithi ya mchana, nikilia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Nilingojea kofi au kicheko. Aliniwekea mkono kichwani.

"Mimi nikirudi, mwanangu, sirudi kimya kimya," alisema. "Nitakuita kwa jina lako. Nikikuita, utakuja?"

"Labeka, mama. Nitakuja."

Jumatatu alikwenda kwa Bi Gweni. Sijui walisemezana nini, lakini toka siku ile, kabla ya hadithi, Bi Gweni huvuta mapazia yote na kuwasha taa, saa kumi jioni, mwezi wa saba, ili iwe usiku. Wapita njia lazima walidhani pana msiba. Hakutuuliza sababu wala hakucheka. Alituambia tu kwamba hata bibi yake yeye alikuwa na saa zake za kusimulia.

Bi Gweni alikufa mimi niko sekondari. Nikakua, nikaolewa, nikaajiriwa nyumba ya wazee, nikazaa. Baba aliugua nami nishapita arubaini. Siku yake ya mwisho spitali, mchana, alitaka kukaa. Mama akainama, naye akamwekea mkono begani ajiinue. Haukuinuka tena. Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, mtu mzima mwenye watoto, na kitu cha kwanza kilichonijia ni kuhesabu. Tatu. Nilijionea haya hata kwa Mungu.

Mama alikaa eda yake yote kwenye nyumba ile ile, miezi minne na siku kumi. Ilipokwisha, akatoa sanduku la bati juu ya kabati. Cherehani alichukua, presha kuka alichukua, kanga zote. Alisema amekaa Uingereza kwa ajili ya mtu, na mtu mwenyewe ameondoka. Tulimsindikiza uwanja wa ndege, na nilimwona akipita bila ya kugeuka nyuma.

Naye alitimiza ahadi yake, aliniita. Kila Ijumaa baada ya sala simu inalia, anataja jina langu, halafu la Nassor, halafu wajukuu mmoja mmoja, hamruki mtu. Anauliza lini. Nami ninamwambia mwakani, mama, inshallah. Nilikuwa na mkopo wa nyumba, nilikuwa na shifti, Rahma alikuwa na mitihani, goti langu. Nassor naye alikuwa na yake. Mwaka ule ukapita na mwengine ukapita, na kila mmoja nilisema neno lile lile la bibi wa hitima, bila ya kusikia kwamba ni lake.

Ramadhani iliyopita alipiga simu binti wa jirani yake mama kule Wete. Alisema mama hakuumwa sana, siku mbili tatu tu. Na siku ile, asubuhi, alikuwa akiita. Wao walidhani anataka maji. Binti akampelekea, mama akasukuma gilasi, akaendelea kuniita jina langu, anangoja kidogo, anaita tena.

Ng'ombe wa ziwani walikwenda wote. Ndama aliyechinjwa alishuka kwenye ndoano. Mimi mzima, nina pasipoti mbili na tiketi siku hizi hununuliwa kwa kidole, nilikuwa Ilford nimekaa kitako.

Nilifika Wete siku ya nne, nyumba imejaa watu na kaburi limeshafunikwa. Nilisimama pale nikasema labeka, kwa sauti, mpaka wanawake wakanishika mikono.

Rahma nikimwita sasa, akasema "Woti?", simgombezi tena. Sina uso huo. Akijibu namshukuru Mungu kwamba nimesikia sauti. Watoto hawa husikiliza hadithi saa yoyote, kwenye treni, wanakula, masikio yamezibwa kwa vidude, na hawajui kwamba pana cha kuogopa. Enzi zetu hadithi zilingojea jua lizame, na hata Bi Gweni wa watu alivuta mapazia kwa ajili yetu. Hii mnayoisoma nimeiandika saa nane mchana, jua limejaa jikoni, mapazia wazi. Sina tena mama wa kumpoteza.