Daktari wa Kabla ya Saa Sita

Dada yangu alikuwa mgonjwa wa mchana, na daktari wetu alikuwa daktari wa asubuhi. Kwa sababu hiyo tu ilipotea miaka zaidi ya ishirini.

Wakati wa vita tulikimbia kutoka mji wa Kindu, mama, dada na mimi, tukajificha porini upande wa sehemu iitwayo Kama. Chakula kilikuwa mihogo michungu, basi. Mihogo hiyo hulowekwa siku tatu, nne, mpaka sumu itoke. Nani angekaa siku nne mahali pamoja, askari wakizunguka kutafuta kuku na wasichana? Mama aliiloweka usiku mmoja, tukala sote watatu. Tuliporudi mjini, dada hakuwa na nguvu miguuni. Daktari, hata kabla hajaketi vizuri, akasema ni konzo, ule ulemavu wa miguu unaoletwa na mihogo isiyolowekwa vya kutosha. Akaliandika neno hilo kwenye daftari la hospitali la dada, kisha akamgeukia mama, akamtwika kosa lote: "Weye mama, njo ulilisha mutoto sumu."

Toka siku hiyo mama hakumpikia dada tena. Mimi alinipikia, wageni aliwapikia, lakini chungu cha dada hakukigusa. Mihogo ya kutupikia sisi aliiacha majini siku sita, uani kukanuka. Majirani, ambao nao walikula ya usiku mmoja kama sisi, wakapata la kusema: yule alimlemaza mwanawe. Nawadharau mpaka leo.

Mimi si daktari, lakini macho ninayo. Watu wa konzo nimewaona: miguu imekaza, wanakanyagia vidole, asubuhi na jioni ni vilevile. Miguu ya dada ilikuwa laini. Asubuhi alichota maji na kututania sote. Ikifika mchana kope zinaanguka, na akila anashikilia taya kwa mkono ili aweze kutafuna. Nilimweleza daktari hayo zaidi ya mara moja.

"Konzo njo konzo," alinijibu. "Tena anatembea muzuri kupita weye."

Asubuhi, ndiyo! Bwana mkubwa huyo saa sita ikigonga alikuwa tayari juu ya pikipiki, anakimbilia dispensari yake mwenyewe. Mchana wa dada yangu hakuwahi kuuona.

Na sisi tulimsaidia, hilo nalisema kwa aibu. Kwetu mgonjwa hapelekwi kwa daktari akiwa amechakaa. Siku moja kabla tulimkataza dada kuinua hata sufuria. Alfajiri alioga, akavaa kitenge kizuri, tukampakia kwenye baiskeli na kuisukuma polepole. Tulimfikisha amepumzika, ananukia sabuni, halafu tukashangaa kwamba ugonjwa hauonekani. Miaka yote hiyo tuliuficha wenyewe, kwa heshima ya mtu yule. Wajinga wakubwa.

Mwaka huu nilikataa. Tulikwenda kwa miguu, na tulipofika hatukupanga foleni. Tulizunguka nyuma, kwenye banda ambalo ndugu za wagonjwa hupikia, nikaazima kinu na sombe, majani ya mihogo, nikamwambia dada atwange. Wanawake walinivamia: "Unatesa mugonjwa? Hauna haya?" Dada alitwanga akicheka. Halafu akaacha kucheka. Ilipokaribia saa sita jicho moja lilikuwa limefunga, na mchi haukupanda tena. Nilimshika mkono, tukavuka ua taratibu, nikamketisha juu ya pikipiki ya daktari.

Akatoka, funguo mkononi. "Toa muntu wako hapa."

"Angalia kwanza macho yake, dokta."

Akaangalia. Akamwambia ainue mikono, haikuinuka. Akanituma kwa mwanamke anayeuza maji ya baridi mlangoni, nilete barafu. Akaifunga kitambaani, akaibandika kwenye kope ya jicho lililofunga kwa muda, akaiondoa. Kope ikapanda, jicho likatutazama.

"Hii haiko konzo," akasema. Akaeleza vizuri sana: habari kutoka kwenye mishipa ya fahamu haifiki sawasawa kwenye misuli, nguvu inakwisha kadiri inavyotumika. Damu itapimwa, ila dawa iko. Alijua! Hilo ndilo linalonichefua. Si kwamba hakusoma. Alisoma, akayafungia yote kichwani mpaka akazuiwa pikipiki.

Nikampa daftari. Akalikata lile neno konzo kwa mstari mmoja, akatazama saa.

"Andika pia haikukuwa mihogo ya mama," nikasema.

"Hiyo haiko mambo ya hospitali."

"Siku ile ulimuambia, ilikuwa mambo ya hospitali."

Akaandika. Pole hakusema, wala sikuitaka. Pole ya mtu kama yule ningeipeleka wapi?

Mama siku hizi hasikii vizuri, kwa hiyo nilimsomea daftari kwa kelele. Nilipoona majirani wanachungulia, nikarudia kwa kelele zaidi. Mama akauliza, "Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Baada ya majuma kadhaa ya vidonge, mama alimsongea dada bugali, ugali wa mihogo. Ulikuwa mchana. Alimega tonge la kwanza, akala mwenyewe, kisha akanyoosha miguu yake akaitazama, akingoja.

Dada hakungoja. Alivuta sahani, akala mpaka ikaisha, taya halijashikiliwa.