Ngumi ya Mama Kimya

Katika wodi ya wazazi, nesi huyu walimwita Mama Kimya, na si kwa sababu alikuwa mpole. Mzazi akipiga ukelele tu, yeye huyoo kitandani kwake: "Ukipiga kelele ndiyo mtoto atatoka mbio? Vuta pumzi, mwanangu." Wodi ikawa kimya kama chumba cha mtihani.

Ndiyo maana kwenye mafunzo alipata taabu. Mkufunzi alileta mwanasesere wa plastiki, akamwaga maji mekundu, akasema mama amejifungua na anavuja damu, haya, mwokoeni. Mama Kimya akakanda tumbo, akachoma sindano, akaingiza ngumi ukeni na kwa mkono wa pili akabana tumbo kwa juu, mfuko wa uzazi ukaminywa katikati. Safi kabisa!

"Hujaita watu," mkufunzi akasema. "Hilo ndilo la kwanza."

Akaita: "Jamani, msaada."

Wenzake wakavunjika mbavu. "Dada, hata mbu hajakusikia!"

Sasa, wodini, haikuwa plastiki. Alikuwa msichana wa uzazi wa kwanza. Kondo la nyuma limetoka zima, damu haikomi. Mama Kimya alikanda, akachoma, akaingiza ngumi, akabana. Ikapungua. Hapo ndipo akagundua amejifunga mwenyewe: nesi mwenzake yuko stoo, mwisho wa korido, dripu iko kabatini, na mikono yake yote miwili haitoki. Akilegeza kidogo tu, shuka inalowa upya. Nyuma ya pazia, mjamzito mwingine ameuma kanga asisikike, kama alivyoagizwa. Mvua inatwanga bati.

"Msaada," akasema. Ilitoka kama sauti ya mtu anayeomba chumvi. Mabega yanawaka moto, jasho linamwingia machoni, na mkono wa kulifuta hana.

Midomo ya msichana ilikuwa imepauka. "Nesi... mbona unanong'ona?"

Ndipo akapiga ukelele. Ukelele wenyewe, jamani! Kichanga kikaamka kikilia, milango ikabamizwa, nesi mwenzake akatokea mbio, kiatu kimoja mguuni.

"Kumbe ni wewe?"

"Dripu! Haraka!"

Dripu ikaingia, dawa ikafuata. Baadaye msichana akafumbua macho, akaomba maji.

"Nitoe mkono?" Mama Kimya akauliza. Vidole vilishakufa ganzi zamani.

"Bado, shoga. Bana hivyohivyo."

Akabaki ameinama. Nyuma ya pazia sauti ikauliza, "Kwa hiyo leo kelele ruksa?"

"Piga, mwanangu," akasema. "Piga tu."