Mti wa Avokado Uliohukumiwa kwa Kosa la Mandazi

Mume wangu alikata mti wa avokado ili asife. Soma tena, hujakosea.

Mti wenyewe ulikuwa hapa kwetu, nje kidogo ya Sotik. Mama mkwe wangu, Nyakerario, aliupanda alipoolewa. Kila mtoto wa boma hili alilishwa avokado kabla hajaota meno.

Siku hiyo mume wangu, Sagini, alirudi kutoka zahanati uso umemshuka. Alikuwa ameambiwa mafuta yamezidi kwenye damu. Kwake hilo halikuwa jambo dogo, kwa sababu baba yake alianguka shambani akichuma majani chai, kikapu mgongoni, na hakuinuka. Niliogopa, siwezi kudanganya.

Lakini Sagini akiogopa huwa haulizi maswali. Hutoa amri.

Chupa ya mafuta ya kupikia ikamwagwa nyuma ya choo. Sukuma wiki ikaanza kuchemshwa kwa maji na chumvi, tukala kama watu waliofungwa. Kisha akasikia redioni kwamba avokado lina mafuta mengi. Hakungoja kipindi kiishe.

Mama mkwe alisimama mlangoni akamwuliza jambo moja tu.

"Sagini, daktari alisema ni mafuta gani?"

"Mafuta ni mafuta, Mama."

Akaenda kuazima msumeno.

Mti ulipolala chini, Mama hakulia. Aligeuza kiti chake, akawa anakaa akipageuzia mgongo pale palipokuwa na mti. Hilo liliniuma kuliko kelele.

Naye Sagini, mwenye hekima wetu, akampa mama mmoja, Apiyo, kila kitu bure, matunda na kuni. Eti hataki sumu bomani.

Apiyo anauza mandazi pale baing senta, kituo cha kuuzia majani chai, tunakosubiri lori la kuyabeba. Lori huchelewa kila siku, na watu wakisubiri hula. Karai la Apiyo lina mafuta meusi ambayo hayajawahi kumwagwa. Yakipungua, huongezwa. Nadhani yale ya chini kabisa yameshafikisha umri wa kuchukua kitambulisho.

Na mteja wake wa kwanza, kila siku, alikuwa ni huyu bwana asiyekula mafuta. Nilipomwuliza, alinijibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto.

"Mandazi ni unga, Mama Mongina."

Sawa, mwalimu.

Miezi ikapita, tukarudi zahanati kupimwa tena. Alivaa koti la harusi, tayari kupongezwa. Muuguzi, dada mmoja anaitwa Eddah, akatazama majibu, kisha akamtazama mwenye majibu. Mafuta yalikuwa yamepanda.

Sagini akajitetea kwa hotuba ndefu. Chupa alimwaga. Mti alikata. Eddah akamwuliza anakula nini akiwa baing senta. Akaanza kufunga vifungo vya koti. Ikabidi nijibu mimi, kwa niaba ya unga.

"Mzee, mafuta kidogo ya chupa kwa mboga haina shida," Eddah akasema. "Shida ni hiyo ya karai, inachemshwa kila siku. Wacha mandazi. Kula omena, karanga, na avokado. Hiyo ya mti ndio ingekusaidia."

Sagini akaniangalia. Mimi nikaangalia dari. Ilikuwa dari nzuri sana.

Tukirudi, tukapitia kwa Apiyo. Bwana akauliza, kwa sauti ya chini, kama kuna avokado limebaki.

"Zako ziliisha zamani," Apiyo akasema, huku akisukuma gogo chini ya karai. "Imebaki kuni tu. Iko na moto mzuri, mzee. Ndio nimekuwa nakupikia nayo mandazi."

Nilitaka kucheka. Kisha nikaona mume wangu ameweka kiganja kifuani, nikakumbuka kikapu cha baba yake, kicheko kikaisha.

Nyumbani alienda moja kwa moja hadi kwa kiti cha Mama.

"Mama, ungekuwa umeniuliza mara ya pili."

"Ungekuwa umenijibu mara ya kwanza," Mama akasema. Kisha akageuza kiti, akamtazama. "Panda mwingine. Wa mbegu hukawia miaka mingi kuzaa. Kwa hivyo usife."

Ameupanda. Ni kijiti chenye majani manne, na kila asubuhi anakimwagilia maji kabla ya kunywa chai yake kavu, bila mandazi.

Nanyi mlio na mafuta kwenye damu na misumeno mkononi, wazee walisema kuuliza si ujinga. Ukiambiwa uache mafuta, uliza yapi, kabla hujageuza dawa yako kuwa kuni.