Kiingereza Nilichowapokelea Wakwe wa Dada Yangu

Aibu niliyoipata siku wakwe wa dada yangu walipokuja kwetu Kampemba naijua mwenyewe, na ninyi mnaocheka kabla sijaanza najua mmeshasikia nusu yake kwa watu, basi leo sikieni yote kutoka kinywani mwangu, maana ndani yake kuna jambo ambalo hadi sasa linanitembeza kifua mbele.

Enzi hizo za Zaire nilikuwa kijana wa abakosti, ile suti yetu isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi, karani wa duka moja la mjini, na jioni nasoma Kiingereza (peke yangu mtaani kwetu, msisahau hilo). Dada yangu Ngoie alikuwa amepata mchumba wa Ndola, ng'ambo ya mpaka, na siku ya wazee wa mchumba kuja kujitambulisha ilipofika, baba alisema tutaongea Kibemba, kwa kuwa sisi sote tunakijua na wao ndiyo lugha yao. Mimi nikakataa.

"Baba, ule muzee ni mwalimu. Niache mimi nimupokee mu Kiingereza, ajue anaingia kwa bantu ya maana."

Baba akacheka, akakubali.

Tuliwangoja tangu adhuhuri. Kumbe mvua imewakamata njiani, gari limezama kwenye matope, wamelisukuma weee, wakafika saa kumi na moja jioni, suruali udongo mpaka magotini, na kuku wa mama amepashwa moto hadi nyama inaachana na mifupa.

Sasa, mwalimu wetu wa jioni alikuwa ametufundisha jinsi Waingereza wanavyosema jambo likija kwa wakati wake au likija vibaya. Maneno niliyashika kwa kichwa, maana yake niliikisia. Kuna "high time", na kwa kuwa "high" ni juu, nikaona huo ni wakati mtukufu, wa heshima. Nikasimama mbele ya Ba Mwansa, baba wa mchumba, nikapaza sauti ili na majirani wasikie: "It is high time you came!"

Mzee akabaki na mkono hewani. Nikadhani nimemvutia! Nikaongeza kwamba wamefika "at the eleventh hour", maana si ilikuwa saa kumi na moja, nimekosea wapi?

Akawageukia nduguze, akasema kwa Kibemba, tena sote tukisikia: "Turudini. Hawa wanatutukana mlangoni."

Mama akashika kichwa. Baba akanitazama, safari hii hacheki. Na mimi (jamani!) bado natafuta Kiingereza kingine, ndipo mlango wa chumba ukafunguka, akatoka Ngoie, yeye ambaye kwa desturi hakutakiwa kuonekana mpaka aitwe. Akapita mbele yangu, akapiga magoti kwenye tope la mlangoni na kitenge chake kipya.

"Mwaiseni mukwai," akamkaribisha mzee, kisha akaendelea kwa Kibemba hichohicho: "Baba, kaka yangu hana matusi. Maneno yale aliyapenda mlio wake tu, maana yake haijui. Muulizeni mwenyewe alitaka kusema nini."

Mzee akaniuliza. Nikajibu huku jasho linanitiririka kwamba nilitaka kusema wamefika wakati wa heshima.

"Kijana," akasema, "hayo ndiyo ninayowaambia watoto wanaochelewa darasani. Maana yake, mmefika sasa, tumechoka kuwangoja! Na hiyo saa yako ya kumi na moja ni ya mtu anayetokea mambo yakiwa karibu kuharibika."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Akamwinua Ngoie kutoka kwenye tope, akamwambia baba: "Huyu ndiye tuliyemfuata. Yule wa Kiingereza mbaki naye."

Ndoa ikafungwa. Kila nikimkumbuka dada yangu pale chini, mbele ya watu wote, akiokoa ndoa yake na jina langu kwa pamoja, najivuna kama vile ni mimi niliyepiga magoti. Sikuacha Kiingereza, hapana, ila wageni wakifika kwangu nasema karibuni, nawavutia viti, nanyamaza.